Asukile na Daraja la Nzovwe

Asukile alikuwa seremala wa misheni moja karibu na Mbalizi. Madawati ya shule, fremu za milango na majeneza ya kijiji kizima yalitoka mikononi mwake, na mtu aliyemtafuta mchana alifuata sauti ya randa. Jioni alikimbia. Watu walikuwa wamezoea kumwona akipita na kaptura ya kaki, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akielekea Iwambi na kurudi kabla giza halijaingia. Mwanzoni walimuuliza nani amefariki. Baadaye waliacha kuuliza.

Kila mwezi wa Mei, katika sikukuu ya serikali, palikuwa na mbio kutoka Mbalizi hadi uwanja wa mjini Mbeya. Barabara ilikuwa ya vumbi na sehemu kubwa yake ni ya kupanda. Walikimbia askari, walimu, wachunga ng'ombe, makarani wa boma, yeyote aliyejiona ana miguu. Asukile hakuwa amekosa mbio hizo tangu zianze, na hakukimbia peke yake. Wenzake walikuwa Zubery, fundi cherehani aliyeshona barazani kwa mjomba wake sokoni Mbalizi, na Tadeo, utingo wa lori, Mhehe wa Kihesa aliyefika Mbeya na mizigo ya mahindi, akawa harudi Iringa isipokuwa kwenda kusalimia.

Hao watatu walifanya mazoezi pamoja na kutaniana njia nzima. Tadeo alisema Mnyakyusa asipokula ndizi asubuhi hafiki hata Iwambi. Asukile alisema utingo hajui kupanda mlima ila akiwa amelala juu ya magunia. Zubery, ambaye babu yake alitoka Kilwa, wote wawili walimwambia kwamba yeye hashindani na mtu, anakimbia kutafuta joto.

Asukile alikuwa ameshika nafasi ya pili zaidi ya mara moja. Ya kwanza hakuwahi kuishika. Mwaka 1954 goti lake la kushoto lilianza kuvimba kila baada ya mazoezi, akawaambia wenzake kwamba mwaka huo ndio wa mwisho. Alitaka aitwe wa kwanza mara moja tu, kisha arudi kwenye randa yake. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kipimo cha ubao, lakini wenzake walijua hakuwa anatania.

Mwanawe Gideoni alikuwa ameoa mwaka uliotangulia. Alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi na kurudi mara chache, na mkewe, Ikupa, aliishi katika nyumba waliyoijenga Nzovwe, kando ya barabara, hatua chache kutoka darajani. Gideoni alijenga huko kwa makusudi, mbali na kwa baba yake. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkaza mwana hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake. Hakula mahali alipo, hakumtazama usoni, hakutaja jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke ndiye aliyekimbia. Aliingia shambani, au kichakani, au alijifunika kitambaa na kugeukia upande wa pili mpaka mzee apite. Kwa hiyo Asukile na Ikupa walikuwa hawajawahi kusemezana hata neno moja. Asukile alijua mkwe wake anapenda kitambaa cha bluu, kwa sababu Zubery ndiye aliyekishona. Ikupa alijua mzee anapenda maparachichi, na alimpelekea kupitia kwa mama mkwe.

Mwaka huo wanawake wa Nzovwe waliombwa watoe maji kwa wakimbiaji, na kwa kuwa kisima kizuri kilikuwa kwa Ikupa, pipa liliwekwa mbele ya nyumba yake, pale barabara inapokaribia daraja. Ikupa alikubali. Alikuwa na mimba kubwa, lakini kuchota kwa kikombe hakukumshinda. Shida ilikuwa moja tu, na Zubery aliitatua. Sauti yake ilijulikana, maana ndiye aliyeadhini katika msikiti mdogo wa Mbalizi. Wakikaribia kona ya mwisho kabla ya daraja angepaza sauti, "Hodi Nzovwe," naye Ikupa angeingia ndani taratibu mpaka mzee apite.

Walichokisahau wote ni kwamba mbio ziliangukia mwezi wa Ramadhani.

Au labda hawakusahau. Tadeo alimshauri Zubery akae nje mwaka huo, na Zubery alijibu kwamba kufunga hakukatazi miguu kwenda. Asukile alimwambia akimbie taratibu asije akaanguka. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu anayekimbia taratibu hawezi kuwa mbele ya Asukile kwenye kona ya Nzovwe.

Asubuhi ya mbio palikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa bado umekaa bondeni. Msimamizi mkuu alikuwa karani mmoja mgeni, Bwana Liberatus, aliyehamishiwa Mbeya kutoka Bukoba muda si mrefu. Aliwasomea masharti kwa sauti kavu. Hakuna kusukumana. Hakuna kupanda chombo chochote. Atakayeacha barabara, kwa sababu yoyote, ametoka mbioni. Kisha akapanda lori kwenda kuwasubiri uwanjani.

Kufika Iwambi, Zubery alikuwa amebaki nyuma, mdomo mkavu, akikimbia kwa hatua fupi. Tadeo alikuwa katikati. Asukile alikuwa miongoni mwa watatu wa mbele. Goti lilikuwa kimya. Aliwapita walimu wawili vijana kwenye mwinuko, hakugeuka, akaingia kona ya Nzovwe peke yake, bila mtu mbele yake wala sauti ya kumtangulia.

Akamwona Ikupa. Alikuwa ameinama kwenye pipa, mgongo barabarani, kitambaa cha bluu kichwani. Upande wake mmoja kulikuwa na pipa, upande wa pili mtaro wenye kina unaoshuka mtoni. Wanawake wawili waliomsaidia walikuwa kisimani wakichota.

Angeweza kukohoa. Ndivyo wazee walivyofanya. Lakini akikohoa mkwe angeshtuka na kukimbia, na kwa tumbo lile pa kukimbilia palikuwa mtaroni tu. Angeweza kupita kimya, na huko kungekuwa kumkosea heshima mbele ya watu. Asukile aliacha barabara. Aliingia kwenye shamba la mahindi lililokaribia kuvunwa, akashuka mpaka mtoni, akauvuka chini ya daraja maji yakimfika kiunoni, akapanda ukingo wa pili kwa kushika majani, akatokea barabarani ng'ambo ya daraja. Njia hiyo ilikuwa ndefu kuliko barabara, na mbaya. Hata hivyo alipotokea bado alikuwa wa kwanza.

Msimamizi mmoja aliyefuata mbio kwa baiskeli alifika kwenye kona wakati huo huo, akamwona ng'ambo ya daraja akitokea majanini kama mtu aliyekuwa amejificha. Alipuliza filimbi. Ikupa aliinua kichwa, akaona mgongo uliolowa ukienda mbio kuelekea mjini, na akaelewa.

Asukile alifika uwanjani wa kwanza. Watu walipiga vigelegele, kisha baiskeli ikafika. Bwana Liberatus alimsikiliza msimamizi, akamtazama Asukile aliyejaa matope, akamuuliza kama ni kweli aliacha barabara. Asukile alisema ni kweli. Akaulizwa kwa nini. Akainama kukamua maji kwenye kaptura yake. Kumweleza mgeni mbele ya umati habari za mkwe wake, na tumbo lake, ilikuwa aibu kuliko kushindwa. Bwana Liberatus akatangaza kwamba mkimbiaji huyo ametoka mbioni kwa udanganyifu, na mshindi ni Tadeo, aliyekuwa amewapita walimu wale mwishoni na kufika wa pili.

Neno hilo, udanganyifu, lilizunguka uwanja haraka. Asukile alikwenda kukaa kwenye nyasi. Tadeo alimfuata, akasema atakataa zawadi. Asukile alimwambia asiwe mjinga.

Zubery alikuwa amefika kwenye pipa akiwa nyuma ya karibu kila mtu. Hakunywa, lakini alisimama, kwa sababu Ikupa alikuwa analia. Alipomsikiliza hadi mwisho alishika kichwa. Lori la kuokota waliochoka lilikuwa linakuja nyuma. Alilisimamisha, akampandisha Ikupa mbele kwa dereva, naye mwenyewe akaendelea kwa miguu, kwa kuwa hakutaka kutolewa mbioni. Aliwasili uwanjani wa mwisho, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Liberatus.

Karani alimsikiliza kwa adabu. Kisha akamwambia, "Wewe ulikuwa nyuma. Hukuona kitu."

"Aliyeona yupo," Zubery akasema. "Lakini hawezi kuja hapa. Njoo wewe nyuma ya lori."

"Kwa nini asije?"

"Njoo, Bwana karani. Utaelewa."

Ikupa alikuwa amesimama nyuma ya lori, amejifunika kitambaa, amegeukia bodi. Bwana Liberatus alisimama upande wa pili, na watu wakamfuata. Asukile alipoisikia sauti ya mwanamke ikianza kusalimia aliinuka, akatembea mpaka mwisho wa uwanja, akakaa ameupa umati mgongo, anautazama mlima Loleza.

"Huyo aliyeacha barabara ni nani?" karani akauliza.

"Ni baba yake mume wangu."

"Jina lake?"

Ikupa akazidi kujifunika kitambaa. Karani akarudia swali. Wanawake wakaanza kucheka chinichini, na mmoja akasema huyu bwana atangoja mpaka jioni.

"Hawezi kulitaja," Zubery akamweleza. "Ni mwiko. Hata akizama mtoni hatamwita kwa jina."

"Sasa nitajuaje anayesemwa ni huyo?"

"Ni yule aliyelowa," Ikupa akasema. "Wengine wote ni wakavu. Walipita darajani. Yeye alipita majini ili mimi nisikimbie. Bwana karani, pale hakuna njia ya mkato. Nenda ukapite mwenyewe."

Karani aliitoa karatasi ya masharti, akaisoma tena. Alikuwa mtu wa masharti, lakini hakuwa mtu mbaya. Alirudi mezani akatangaza kwamba aliyeacha barabara ameacha barabara, na mshindi anabaki Tadeo. Kisha akaongeza kwamba neno udanganyifu amelifuta, na kwamba hakuna mtu aliyedanganya siku hiyo. Tadeo alipewa blanketi la sufu, akalichukua.

Jioni Asukile na Tadeo hawakurudi Mbalizi mapema. Walimngoja Zubery mpaka afuturu, wakala naye uji na ndizi za kupika, wakapanda lori la magunia. Kulikuwa na baridi kali njiani. Blanketi la ushindi liliwafunika wote watatu, na Zubery alisema sasa amejua kwa nini watu hung'ang'ania kuwa wa kwanza.

Ikupa alijifungua salama mwezi uliofuata, mtoto wa kike, wakamwita Damari.

Asukile hakuacha mbio, ingawa alikuwa amesema ataacha. Mei iliyofuata alijiandikisha tena, goti likiwa limefungwa kitambaa. Ramadhani ilikuwa imekwisha siku chache nyuma, na Zubery alikuwa mbele kwenye kona ya Nzovwe, akapaza sauti mpaka mbwa wakabweka. Asukile alipotokea, hapakuwa na mtu. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Kando ya pipa, juu ya kigoda alichokichonga mwenyewe na kumpa mwanawe siku ya harusi, kulikuwa na kikombe kimoja kilichojaa maji, na parachichi lililokwisha kumenywa.

Alisimama. Watu wawili wakampita. Alikula parachichi, akanywa maji yote, akakigeuza kikombe juu chini kigodani ili anayetazama dirishani ajue kwamba kimenywewa. Kisha akavuka daraja kwa miguu mikavu, akamaliza wa tatu.