Mwandiko Mzuri

Juzi nilifika kwa dada yangu, mtaani Kibenga, na kabla sijapewa maji akanisogezea daftari la nyumba, lile la kuandika wanaolala humo pamoja na wageni, ili wakubwa wa mtaa wakija walikague. Mara nikasikia harufu ya ndagala, zile dagaa za ziwani, kama za utotoni.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, tukiishi bado mtaani Ngagara, mama alikuwa akikaanga ndagala kwa mawese. Mjomba, kaka yake, alikuwa kwetu tangu asubuhi, na jina lake halikuwa daftarini. Nilidhani mama amesahau. Darasani nilisifiwa mwandiko, na daftari lile nililiona kama kitabu cha heshima. Nikamwandika mjomba polepole, herufi zikakaa vizuri juu ya mstari.

Chefu, yule mkubwa wa mtaa, alipopiga hodi, nilisikia mlango wa nyuma ukifungwa taratibu. Chefu akafungua daftari, akaweka kidole kwenye jina la mjomba.

"Huyu iko wapi?"

"Ni kaka yangu, chefu," mama alisema. "Alikuja kula tu. Ameshaenda."

Chefu akanakili jina kwenye karatasi yake, kisha akanigeukia. "We mutoto, unaandikaka muzuri."

Nikatabasamu. Ndagala zilianza kuungua, na mama hakwenda kuzigeuza.

Mjomba hakuja tena kula kwetu. Mama hakunigombeza hata siku moja.

"Andika tu, ni kwa usalama yetu," dada alisema juzi pale Kibenga, akanipa kalamu.

Niliandika jina langu vibaya kadiri nilivyoweza, hata mimi mwenyewe nikashindwa kulisoma.