Milango Midogo Juu ya Moshi wa Mama

Mimi ni seremala wa milango. Si wa meza, si wa vitanda, si wa makabati ya vyombo. Hayo niliyafanya nikiwa na njaa. Kahama ya miaka ya tisini, dhahabu ilipoanza kuwatoa watu mashambani, mtu aliyeokota chochote shimoni alikuja kwangu kuagiza mlango wa mninga kabla hajanunua hata godoro. Nyumba yenyewe ya udongo, paa la nyasi, lakini mlango anautaka wenye maua. Nami nilimchongea, tena kwa kujidai. Nilikuwa na kiburi cha mikono. Nakiri mapema, maana kiburi hicho ndicho kilichotaka kuniulia mama.

Aliyeniletea kazi yenyewe alikuwa kijana wa Kihindi, mtoto wa mwenye duka ambako nilinunua bawaba na misumari. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, mpole, wa kuongea kwa kituo. Siku hiyo aliingia karakana akiwa na boksi la viatu, akatoa ndani yake nyumba ya karatasi ngumu, urefu wake shubiri moja, ukutani pameachwa tundu.

"Fundi, nataka milango ya nyumba hizi. Ninazo kumi na moja."

Nikamwuliza kama anafuga panya. Hakukasirika. Akanieleza kwamba ni mchezo wa mezani: mnapanga kijiji kizima juu ya meza, kila mchezaji ana vinyago vyake vya askari, vya madini ya risasi, visivyozidi kidole gumba, mnatupa dadu, mnasogeza askari. Alikuwa akicheza na binamu yake na mzungu mmoja mpima miamba aliyekuwa na kambi huko porini. Nyumba alizokuja nazo kutoka ng'ambo zilikuwa za mawe na theluji. Yeye alitaka za huku kwetu, na milango alikuwa ameichora kwa rangi, haikupendeza.

"Askari akifika mlangoni, mlango lazima ufunguke," alisema. "Huko nilikosoma tunacheza watu wazima, fundi, usinicheke."

Nilimcheka. Kisha nikaichukua kazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniletea mlango nikasema siuwezi.

Wa kwanza ulinitoa jasho siku tatu. Mninga ukiupiga randa hadi unene wa ukucha, unapasuka. Nikajifunza kuukata kwa wembe na kuulainisha kwa msasa uliochakaa. Bawaba nilizikunja kwa bati la kopo la maziwa, pini zake sindano iliyokatwa, komeo la waya. Ulifunguka na kufungika vizuri, lakini ulikuwa kama kifuniko cha sanduku. Haukuwa mlango wa mtu. Mlango wa mtu una mahali mbuzi hujikuna, una kiraka, una ubao mmoja uliobadilishwa baada ya mchwa. Nikasema, basi, nitakwenda kuiga milango ya kweli.

Kijiji cha mama yangu kilikuwa upande wa Segese, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli. Milango ya pale niliijua, mingi niliitengeneza mwenyewe. Kila Jumapili nilikwenda kumsalimia mama, na nikawa napita nyumba hadi nyumba na kamba yangu, napima, nafunga fundo, naendelea.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu si dogo kama linavyosikika. Kwetu kamba ya fundi hushikwa na watu wawili. Fundi upande huu, mwenye nyumba upande ule. Unapiga hodi, unasema umekuja kupima nini, naye anatoka anashika ncha. Hata mlango uwe mwembamba kiasi gani, hata mikono yako iwe mirefu, hupimi nyumba ya mtu peke yako. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kushika msumeno. Lakini nilikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, fundi mwenye jina, natengeneza vitu vya kuchezea. Niliona haya. Nikawa napima watu wakiwa mashambani, ncha ya pili naibana kwa msumari. Mzee mmoja alinikuta, akaniuliza napima nini. Nikamwambia naangalia tu kama mlango umepinda. Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia, na mimi methali hiyo nilikuwa nawatolea wengine.

Kulikuwa na tatizo jingine. Vibao vyembamba vile vilijikunja. Dawa yake ni moshi: unaviweka juu ya kichanja cha jikoni, moshi wa polepole unavikausha bila kuvishtua. Mjini nilipikia mkaa. Kwa hiyo kila mlango nilioumaliza niliupeleka kwa mama, nikautundika juu ya moto wake.

Mama alikuwa mjane, anaishi peke yake na mbuzi zake. Nilimweleza ukweli wote, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nilidhani nilishakulea nikamaliza," alisema. Nikamwomba awashe moto mdogo wa kuni mbichi na samadi, autunze usiwake sana. Nikamwomba pia asimwambie mtu, wasije wakanicheka. Akakubali yote mawili. Wiki nne alikaa jikoni mle, anachochea moshi wa milango yangu, na kila Jumapili nilipofika niliona macho yake yamezidi kuwa mekundu.

Sasa nisikilizeni. Miaka ile, huku kwetu, bibi kizee mjane mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, alikuwa kwenye hatari, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tulisikia ya vijiji vingine, nani kakatwa panga na kwa sababu gani. Mimi niliyajua hayo. Nilimtazama mama macho nikayaona, kisha nikageuka kutazama kama vibao vimenyooka. Watu huniuliza nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza milango.

Jirani wa mama alikuwa na mlango nilioupenda kuliko yote, umewekwa kiraka cha mfuniko wa pipa, na chini tundu la paka. Niliuiga hadi kutu. Wiki hiyohiyo mtoto wake wa miaka minne alishikwa na homa, siku ya tatu degedege. Asubuhi mke wa jirani alikwenda kwa mama kuomba moto, kama walivyofanya siku zote. Mama alikuwa kisimani. Mwanamke akaingia jikoni, akainama achukue kaa, akainua macho. Milango kumi na mmoja imening'inia kwenye moshi, na mmojawapo ni wa nyumbani kwake, na kiraka chake, na tundu la paka wake. Aliacha kigae palepale akakimbia.

Habari aliniletea muuza nyanya wa kijiji hicho. Alinikuta napiga randa. "Mama yako wamemkalisha mbele ya ghala la pamba," alisema. "Wanasema kawafungia watu kwenye moshi. Mtoto akifa, hawatasubiri."

Nilikwenda mbio dukani kwa yule kijana. Nilimwambia alete kila kitu, nyumba, askari, dadu, wakaone kwa macho yao kwamba ni mchezo. Hakuniuliza swali hata moja. Alipakia vitu kwenye pikapu ya baba yake tukaondoka. Nimejaribu miaka mingi kumlaumu kijana yule na nimeshindwa.

Mama alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Mbele yake mkeka, juu ya mkeka milango yangu. Nikawaamkia wazee, wachache wakaitikia. Yule mzee aliyenikuta siku ile ndiye aliyeanza.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, mzee. Mama hana kosa, nilimwachia tu aikaushe."

"Nilikuuliza unapima nini. Ukasema unaangalia kama mlango umepinda. Ulikuwa umepinda?"

"Haukupinda."

"Nani alikushikia kamba?"

Nikasema hakuna. Watu wakanong'ona, na mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nikajisikia kama mtu aliyefanya jambo baya. Ningekuwa mmoja wao, nami ningenong'ona.

Nikaomba wauone mchezo. Kijana akatandika kitambaa cha kijani nyuma ya pikapu, akapanga nyumba, akapachika milango mmoja baada ya mwingine kwa vidole vyake vyepesi. Watu wakasogea. Mama mmoja alipouona mlango wake akatabasamu, akaugusa, ukafunguka. Nikapata matumaini. Nikajisemea, Mungu mkubwa, yamekwisha.

"Sasa chezeni tuone," akasema mzee.

Hapo ningesema kitu. Ningeanguka chini nijifanye mgonjwa. Lakini sikuwahi kuuona mchezo wenyewe ukichezwa. Nilijua milango tu. Kijana, kwa moyo mweupe kabisa, akawapanga askari wake mstari mmoja, akaeleza kwa sauti kama mwalimu: "Hawa wanavamia kijiji. Nikipata tano au sita, mlango unavunjika, wanaingia." Akatupa dadu. Ikaja sita. Akausukuma kwa kidole mlango uliokuwa karibu zaidi na askari wake, na ulikuwa ule wa kiraka cha pipa.

Baba wa mtoto alikuwa amesimama mbele. Hakupandisha sauti.

"Wakishaingia humo, wanamfanya nini aliyemo?"

"Hakuna mtu humo," kijana akasema. "Ni mchezo."

"Humo kuna mwanangu."

Kijana akaondoa kidole chake mlangoni. Nilimtazama mama, naye alikuwa ananitazama mimi, si kwa hasira. Alikuwa ananionea huruma, na hilo ndilo lililonikata.

Wazee wakaamua milango ichomwe palepale, na mama aitie motoni kwa mkono wake, mmoja mmoja, akitaja mwenye nyumba na kusema hana neno naye. Nikapinga. Nikasema mtoto ana malaria, pikapu hii hapa, tumkimbize hospitali Kahama sasa hivi. Baba mtu akasema mtoto haondoki mpaka milango iishe kuungua. Nilikuwa nataka kupigana. Mama akasimama, akajipangusa vumbi. "Washa moto," akaniambia.

Basi nikawasha. Nilipiga magoti nikapuliza kazi ya mikono yangu iungue upesi, maana kila mlango uliochelewa ulikuwa unamchelewesha mtoto. Mninga uliokaushwa vizuri huchukua moto haraka. Mama akataja majina yote kumi na moja, sauti haikumtetemeka. Kisha tukambeba mtoto.

Hospitali walimtundikia dripu ya kwinini. Nilikaa kwenye benchi la korido muda mrefu kuliko hata baba yake, ambaye alikuwa na ng'ombe wa kukamua na alikwenda na kurudi. Kila nesi aliyetoka nilimsoma uso. Sijawahi kumwombea mtoto wa mtu vile, na naona haya kusema kwamba haikuwa kwa upendo. Akifa yeye, wanamfuata mama. Siku ya nne akakaa kitandani akaomba uji, na mimi nikatoka nje nikalia nimeshika ukuta.

Nilimrudisha mtoto kijijini mimi mwenyewe, ndani ya pikapu ileile. Kijana akageuza gari kurudi mjini, nami nikaenda kwa mama, nikakaa kwenye kigoda, nikajisikia mwepesi. Haukupita muda jirani akaja. Amevaa shati la kuendea kanisani, mkononi kuku jike mweupe, mnene. Akachuchumaa mbele ya mama, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu," akasema, ndivyo Wasukuma tunavyomshukuru mama. "Wabeja kwa kumwachia."

Nilifungua mdomo nimwambie ni kwinini, ni dripu, ni daktari. Mama akanitazama mara moja tu na nikaufunga. Akampokea kuku. "Haya, baba. Akue," akasema.

Jirani alipoondoka, nilimwambia, "Mama, yameisha."

Alikuwa anamfunga kuku mguu. "Yameisha nini? Amenishukuru kwa kumwachia mwanawe. Basi anajua nilimshika. Leo kaja na kuku. Akiugua mwingine, watakuja na nini?"

Akakaza fundo. Akaniuliza kama baiskeli ya muuza nyanya inaweza kubeba gunia moja na jembe. Mbuzi aliwaacha kwa dada yake. Mchana huohuo tukaondoka, mimi nasukuma baiskeli, yeye nyuma, ameacha nyumba aliyoingia akiwa mwari. Habari zilitutangulia njiani. Kwenye kila nyumba ambayo nilikuwa nimeipima mlango, watu walitoka nje, wakubwa kwa wadogo, wakamwinamia mama yangu kwa heshima, wakamshukuru kwa kuwaachia. Naye aliwaitikia wote.