Nilivyomlinda Rehema na Kijicho

Mjinga wa mwaka huu ni mimi, msihangaike kutafuta mwingine. Mdogo wangu Rehema, mwenye digrii ya uhasibu, aliomba chuo kimoja tu cha Ulaya, asomee shahada ya pili ya fedha, kisha aajiriwe benki za huko. Akanitaja mimi mwajiri wa kumdhamini, maana hesabu za ghala langu la korosho hapa Mikindani anashika yeye.

Chuo kikapiga simu. Mimi wa kidato cha nne, ambaye hata Lindi naiona mbali, nikajiweka barazani na Kiingereza changu. Wakauliza uwezo wa Rehema. Sasa, kwetu nani humsifu wa kwake mbele ya mgeni? Kijicho hakihitaji pasipoti. Nikajibu, "Anajaribujaribu tu. Hesabu bado zinamshinda."

Jana wamemkatalia. Rehema akaja barazani macho mekundu. "Wanasema mwajiri wangu mwenyewe hana imani na mimi. Kaka, uliwaambia nini?"

Nikiwa bado natafuta uongo, jirani yetu Mama Neema, mke wa karani wa bandari, akadakia toka uani kwake: "Baba Zuhura, siku ile nilikusikia. Wachawi wamelala, umemroga wewe."