Nilipika Kahawa ya Wageni, Kumbe Ninaposwa

Admin, nifichie jina tafadhali, maana wadada wa kanisa letu mjini Saint Paul wanasoma hii page na midomo yao naijua. Mimi ni Mkenya wa miaka ishirini na mbili, nasomea uuguzi, na ninakaa Richfield, huku majuu, na familia ya Kituruki iliyonipokea kama mwanafunzi mgeni. Mama wa nyumba nitamwita Mama Nurten. Jameni, huyu mama amenilea. Kwake huvuki mlango na viatu, kuna ndara za kila mtu pale pale mlangoni. Chai ni ya glasi ndogo na haiishi, na kiamsha kinywa cha Jumapili, mizeituni, jibini, mayai na nyanya, kinaenda mpaka mchana. Usipomaliza sahani anakushika paji la uso kuona kama una homa. Baridi yangu ya kwanza iliponitoa machozi, ni yeye aliyenifunga skafu kama mtoto wa chekechea.

Sasa sikieni nilivyojiingiza. Jumapili iliyopita dada yake alikuja na mumewe na kijana wao, nimwite Kerem, ambaye hunipa lifti ya shule basi likichelewa. Ni mpole, lakini maneno yetu ni ya theluji na barabara, basi. Mama Nurten akaniambia kahawa ya wageni nitapika mimi na kuipeleka mimi. Nilifurahi. Kwetu Nyamira msichana wa nyumba hakai kitako wageni wamekauka koo, kwa hivyo nikavaa gauni alilonishonea, nikapika ile kahawa yao nzito, nikapanga vikombe kwenye sinia. Kimoja Mama Nurten alikitia chumvi mwenyewe akasema nimpe Kerem. Nikadhani ni utani wa familia. Kerem akanywa yote bila kukunja uso, watu wakapiga makofi, nami nikacheka mpaka basi. Kisha baba yake akaongea Kituruki kirefu nisichokielewa, wote wakaniangalia, nikatabasamu na kuinamisha kichwa. Si ndiyo adabu?

Tukiosha vyombo, Elif, binti wa Mama Nurten, akaniuliza kwa Kiingereza kama kweli nimekubali kuolewa na Kerem. Nikamuuliza, kuolewa vipi? Ndipo akanieleza kwamba kwao msichana anayeposwa ndiye huwapikia wageni kahawa, na ya mchumba hutiwa chumvi waone kama atavumilia. Wueh. Nimejiozesha mwenyewe, sinia mkononi.

Tangu siku hiyo situlii. Napanda treni hadi Saint Paul bila kuwa na shughuli huko, nageuza, narudi. Darasani sisikii kitu. Nikifungua mlango nikanusa kahawa, napitiliza chumbani. Na nyinyi wa "olewa upate makaratasi ya kukaa huku", nimewasikia hata kabla hamjaandika, tulieni.

Juzi nikajikaza, nikamuuliza Mama Nurten kwa nini hakuniambia. Hakukasirika. Aliendelea kukunja wali kwenye majani ya mzabibu, hata hakuniangalia.

"Ningekuambia ungekataa, mwanangu," akasema. "Ukimaliza shule utahama, nami nitabaki nikitazama chumba chako. Ukiolewa na Kerem utakuwa wetu."

Nilikuwa nimekuja na hotuba yangu yote tayari, nikaiacha hapo. Nikavuta kiti nikamsaidia kukunja.

Jumapili hii wanarudi na pete. Mama Nurten ameshaomba namba ya mama yangu ili wasalimiane kama wakwe, na mama yangu hajui lolote, anajua niko shule. Kila asubuhi naulizwa namba, kila asubuhi nasema simu haina chaji. Kerem simtaki, na nina hasira na huyu mama kwa kunizunguka hivi, hasira kabisa. Lakini aliposema chumba chako, nilienda bafuni nikalia, kwa sababu hata mimi sitaki kutoka kwake. Nishaurini jameni, bila matusi: nitamkataaje mtoto wa dada yake bila kumpoteza yeye?