Kupanda Osukuru

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Busia, na kila nikisafiri kutafuta mali huchagua volkano moja ya kupanda. Watu wangu hunicheka. Wacha wacheke. Masharti yangu ni machache: usiwe mlima wa kamba, usiwe na barafu, na nikifika juu kuwe na cha kutazama. Longonot, kule Naivasha, niliupenda. Kule Kisoro niliambiwa kuna mmoja wenye ngazi nyingi za mbao, nikaukataa palepale, nikapanda jirani yake.

Kumbe volkano nyingine nilikuwa naipita kila nikienda Tororo! Mwanangu ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa amempenda binti wa wakulima wa Osukuru, na tulipokuwa tunajiandaa kwenda kwao kupeleka posa, akaniambia vile vilima vya kwao, karibu na Tororo, zamani vilitoa moto. Nikavaa buibui langu zuri, na miguuni raba.

"Mama, kwa wakwe na raba?"

Nikamwambia anyamaze. Lakini roho yangu haikutulia. Sisi ni Waislamu wa mjini, wao Wakristo wa shambani, na baba wa binti alikuwa hajasema ndiyo wala hapana.

Walitupokea vizuri kwa chai na karanga. Sikutaka kuirukia posa kama niliyekuja kudai, nikaanza kwa kuwasifia kwao.

"Baba, mlima wenu mzuri sana. Mimi nataka kupanda hapa. Nimeshapanda Naivasha, nimepanda Kisoro."

Baba wa binti akaweka kikombe chini. "Na watu ya huko nakubali?"

"Walikubali. Nililipa tu."

"Hapa nataka kupanda wapi?"

"Kote, mpaka juu. Siku nyingine naweza kuja hata na wenzangu."

Mama wa binti akainuka na kuzichukua zile karanga. Nilikuwa nimenyoosha mkono, ukabaki hewani. Nikamtazama mwanangu, naye akanitazama mimi. Nimekosa nini? Au mlimani kuna mizimu? Au huku mwanamke hapandi? Nikazidi kuusifu mlima, na kadiri nilivyousifu ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Nilihisi posa ya mwanangu ikiniponyoka, na wala sikujua ni kwa nini.

Mwishowe yule baba akasema, "Mama, wewe nakuja sababu ya musichana ama sababu ya shamba? Watu nakuja hapa kila saa kuuliza hii mulima. Sisi iko napanda muhogo hapa tangu babu."

"Shamba gani tena, Baba?"

Binti ndiye aliyeshtukia. Akawaambia wazazi wake maneno kwa Kidhopadhola, huku akitembeza vidole viwili kwenye mkono wake, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Wao walisikia nimekuja na mbegu.

"Kupanda na muguu?" baba akauliza.

"Na mguu, Baba."

"Halafu?"

"Halafu nashuka."

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi asiyemwona. Kisha akasimama. "Twende. Mimi nataka kuona."

Tukapanda, yeye mbele, mimi nikihema nyuma na buibui nimelikunja. Haukuwa mlima mgumu. Huko juu Tororo yote ilikuwa wazi, na ule mwamba wake umesimama katikati, nami nikafurahi sana. Nikageuka nimwonyeshe.

Hakuwa akiutazama mwamba. Alikuwa ameelekea upande wa pili, ambako kilima kilikuwa kimechimbwa na watu wa madini, kimebaki wekundu mtupu. Aliniambia hajawahi kufika juu, kwa sababu mihogo yake inaishia chini. Akatazama uchimbaji ule, kisha paa la nyumba yake, kisha uchimbaji tena. Kutoka pale vilikuwa karibu sana. Akachuchumaa.

Nilikuwa nimepachagua mahali hapa kwa ajili ya kutazama.

"Kijana yako iko na nyumba Busia?" akaniuliza baadaye.

"Anayo. Ya matofali."

"Basi achukue musichana. Akae naye huko." Akafuta uso kwa kofia. "Hapa mimi sijui tutakaa mupaka lini."

Nilikuwa nimepata kilichonileta. Nikafungua kinywa nimshukuru, nikajikuta nasema pole.