Nilipoajiriwa Kupaka Mawe Chokaa

Kutoka Kitale nilipita Malaba, Kampala, Gulu na Nimule, nikiwa na mkoba mmoja wa nguo na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa brashi. Basi la mwisho lilikuwa nusu tupu. Nimesafiri katika mabasi ya kila namna, lakini hilo ndilo la kwanza lililonipa viti vitatu nijinyooshe bila mtu kunisukuma. Mabasi tuliyopishana nayo yalikuwa yamefurika watu, na magodoro yamerundikwa juu mpaka unaogopa kuyatazama kwenye kona.

Dereva akanichungulia kwenye kioo, akacheka. "Fundi, wenzako wanatoka, wewe unaingia. Umesahau nini huko?"

Sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa nimesikia tu kwamba Juba haina waandika mabango wa kutosha, na enzi zile sababu kama hiyo ilinitosha kuvuka mipaka miwili.

Na kazi ilikuwepo kweli. Nilipanga chumba Munuki, na kila asubuhi nilipanda bodaboda hadi soko la Konyo Konyo, ngazi imelala mabegani mwangu na dereva akilalamika njia nzima kwamba nitamng'oa mtu kichwa. Niliwachorea vinyozi vichwa, wenye hoteli kuku wa kuchoma, wenye vibanda simu zinazochajiwa. Vita vilivyowakimbiza wale wa mabasi vilipozidi kukolea, kila mwenye geti alitaka picha ya bunduki iliyokatwa na mstari mwekundu, kuwaambia wageni waache silaha nje. Nilichora bunduki nyingi kuliko nilizoziona, na nilizoziona hazikuwa chache.

Siku zisizo na kazi niliketi karibu na mwanamke mmoja aliyeuza milaya pale sokoni. Milaya ni mashuka meupe yanayotariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi, na kule hakuna nyumba inayojiheshimu bila shuka la namna hiyo. Alikulia Uganda, ukimbizini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Siku moja alininyang'anya penseli kutoka sikioni.

"Wewe iko nachora kuku ya hoteli kila siku," akasema, akinitandikia kitambaa magotini. "Mimi nataka ndege ya kuruka."

Nikamchorea, akatarizi. Baada ya hapo nilianza kuombea siku zisizo na kazi.

Mjomba wake, aliyemlea, alikuwa karani wa serikali. Mshahara wake ulikuwa haujaonekana kwa miezi mingi, lakini kila asubuhi alipiga shati pasi ya makaa na kwenda ofisini. Nilipofika kwao Hai Jalaba kueleza nia yangu, alinitazama viatu, vilivyokuwa na rangi zote za mji.

"Wewe iko na kazi gani?"

"Naandika mabango, mjomba. Mtu ananiita, tunapatana, namaliza, naenda kwingine."

"Hiyo ni ya mkono. Mimi nauliza kazi. Ya kuandikwa."

"Na wewe, mshahara ya mwisho ilikuja lini?" mpwa wake akauliza kutoka kona aliyokuwa akitarizi, bila kuinua macho.

"Mshahara ni kitu ingine! Mimi naongea juu ya kazi." Akanigeukia, akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nisipofika ofisi asubuhi, wanauliza, huyu mzee iko wapi? Wanatuma mtu. Wewe ukipotea, nani atajua umepotea? Kinyozi atasema fundi amepata kazi upande ingine."

Katika mji ule, miaka ile, hayo hayakuwa maneno ya kuchekea.

Basi nikaajiriwa. Shirika moja la misaada lilihitaji mchoraji wa kudumu. Nilipewa chumba ndani ya ua wao, kadi ya kuvaa shingoni, na masharti: saa kumi na mbili jioni uwe ndani, sokoni usikanyage, kazi ya nje usiguse. Mjomba alikuja mpaka getini kuniona. Akaishika kadi yangu, akaipapasa kwa kidole gumba, akairudisha kifuani pangu taratibu.

"Sasa wewe ni mtu," akasema.

Niliandika namba kwenye magari, nikachora mishale ya kuonyesha pa kukimbilia, nikaandika milango ya vyoo. Kisha kazi ikaisha. Nilipomwambia mkubwa wetu, khawaja mmoja mpole, kama wanavyowaita wazungu kule, alitazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye mawe yaliyopangwa kandokando ya njia ya ofisi. Nikayapaka chokaa. Wiki iliyofuata nikayapaka tena. Ikawa ndiyo kazi yangu, mpaka mawe yakaanza kunenepa.

Niliipata kazi ili niruhusiwe kumposa yule muuza milaya, na sasa kazi yenyewe haikuniruhusu kumwona. Alikuwa akileta vitambaa getini, askari wa geti ananiingizia, nachorea kitandani, askari anarudisha.

"Fundi, shuka lingine," askari alikuwa akiita ili ua mzima usikie. "Mashuka yote haya, unafungua hospitali?"

Jioni moja alinipa kitambaa pamoja na salamu. "Yule dada anasema ndege wako siku hizi wanakaa tu. Hawaruki."

Kisha mapigano yakaingia mjini. Tulilala sakafuni, na asubuhi na jioni mtu alipita akituhesabu, kila mmoja anaitika. Bunduki ziliponyamaza, tukaambiwa wafanyakazi wa kigeni wangepandishwa eropleni kesho yake kwenda Nairobi. Kiti changu kilikuwepo. Mjomba alikuwa amesema kweli: ofisi ilijua nilipo. Lakini mpwa wake, ambaye ofisi yake ilikuwa sindano, nani alikuwa akiuliza yuko wapi? Simu yake haikupatikana.

Nikaomba ruhusa ya kufika Hai Jalaba.

"Ukitoka, hatutaweza kukusubiri," mkubwa akasema, na niliona inamuuma.

Nikachukua mkoba na mkebe wangu, nikamwachia askari kadi.

"Fundi, umeshikwa na wazimu?"

"Mwambie mkubwa mawe yako sawa. Hayahitaji rangi mpaka mwaka ujao."

Niliwakuta wakipakia lori la kwenda Nimule pamoja na majirani. Yeye alikuwa amekalia sanduku la bati lililojaa milaya. Aliponiona alifunika uso kwa mikono yote miwili, kisha akaufunua na kusema, "Umechelewa." Mjomba alitazama shingo yangu.

"Kadi iko wapi?"

"Nimerudisha."

"Na kiti ya eropleni?"

"Nimewaachia."

"Kalas, basi. Wewe ni mtu ya ovyo." Akaugeukia mzigo: magodoro, sufuria, viti vya familia nyingi, vyote vinafanana. "Brashi iko?"

"Iko."

"Basi andika majina. Kule Nimule watu watapigana juu ya godoro."

Nikaandika. Mjomba alinifuata nyuma, mikono mgongoni, akinisahihisha kama mkuu wa idara. Tulipofika kwenye sanduku la bati nilisimama, nikisubiri aniambie jina.

"Hii andika yako."

Nikamtazama.

"Yako! Mimi nachoka kuuliza huyu mtoto iko wapi. Sasa utauliza wewe."

"Andika kubwa," mwenye sanduku akasema. "Na ndege. Ya kuruka."

Tangu hapo nimeandika mabango katika miji mingi, na hakuna aliyeniajiri tena. Juba sijarudi, ingawa naiota. Siku ile lori lilipovuka daraja la Nile, rangi ilikuwa bado mbichi. Yeye alikuwa ameegemea sanduku amelala, na herufi mbili za jina langu zilikuwa zimemshika kwenye kiwiko.