Sahihi ya Thelathini

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Félicité Niyonkuru anafungua mlango wa bati wa kibanda chake cha kuchapa, mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira. Anapangusa vumbi kwenye kompyuta, anavuta kiti cha plastiki wanachokalia wateja na kukigeuza kimtazame. Kisha anakisalimia kwa Kiingereza.

Kiti hakijibu, kwa hiyo anajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba kidogo. Anakiuliza bei ya ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, anakieleza mvua ya jana na namna mahari inavyotolewa kwao. Anajibu vizuri tu, bila kigugumizi. Linapofika swali la anaishi na nani, anainuka na kwenda kuwasha jenereta.

Majirani wamekwishazoea.

"Kwanza balisema niko na wazimu," anasema huku akicheka. "Nikabaambia hapana, niko nasoma. Lakini muntu anayesoma luga anakuwaka na mwenzake wa kusema naye. Minye siko na muntu."

Félicité ana miaka 38, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza akichapa kazi za wenzake. Wanafunzi wanamletea TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, ikiwa imeandikwa kwa mkono. Ukurasa mmoja ni faranga mia tano. Wengi walimletea kurasa za Kiingereza ambazo alizichapa herufi kwa herufi bila kuelewa neno, mpaka siku moja akachoka kuwa mtu wa kupitisha maneno asiyoyajua. Miaka sita iliyopita akajiandikisha mwenyewe, masomo ya jioni, katika taasisi moja ya mjini inayofundisha Kiingereza na utamaduni.

Mitihani yote amefaulu. TFC yake inahusu namna watu wa bonde la Ruzizi wanavyompokea mgeni, ikilinganishwa na Waingereza, nayo imekwisha. Kinachomzuia ni sharti moja linaloitwa daftari la mazungumzo.

Kila mwanafunzi anapewa orodha ya mada thelathini. Kila mada lazima aizungumze kwa saa nzima na mtu wa nje ya taasisi mwenye shahada ya Kiingereza, au aliyesoma maisha yake yote kwa lugha hiyo, na mtu huyo aweke sahihi kwa kalamu. Sahihi zisipotimia thelathini, hakuna kuitetea TFC mbele ya walimu. Na huu ni mfumo wa zamani, unafungwa mwisho wa mwezi ujao. Atakayekuwa hajamaliza atarudi mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi.

Félicité ana sahihi ishirini na tisa.

Ishirini na mbili za kwanza alizipata kwa Louise, muuguzi kutoka Uganda aliyekuwa akifanya kazi na shirika moja la misaada. Walikuwa wakikaa hapo hapo kibandani kila Jumatano. Usalama ulipoharibika, mashirika yakafunga mizigo, na Louise akaondoka siku ya Jumanne, siku moja kabla ya mazungumzo ya ishirini na tatu.

"Nilikuwa nimenunua soda mbili," anasema Félicité. "Nikakunywa yote mbili."

Miezi mitano ikapita mji ukiwa hauna wa kuzungumza naye, maana wenye shahada wengi nao walikuwa wamekimbia. Wapo waliomshauri aghushi. Mashine ya kunakili anayo, na mkono wake ni mwepesi. Alikataa, na si kwa kuogopa kukamatwa.

"Nikiiba sahihi, daftari itajaa," anasema. "Lakini nitakuwa nimesema na nani?"

Kilichomtoa hapo ni kosa, tena kosa ambalo ni mchapaji wa Uvira tu angeweza kulifanya.

Wachapaji hawaanzi kazi kwenye ukurasa mweupe. Wanachukua nakala ya TFC ya zamani iliyokubaliwa, yenye pambizo na namba za kurasa zinazowaridhisha walimu, wanafuta cha ndani na kuandika kipya juu yake. Ukurasa wa tabaruku, ule unaosema kazi hii ni kwa heshima ya fulani na fulani, ndio unaoguswa mwisho. Mteja huuleta baadaye kwenye karatasi yake ya pekee, maana majina ya ndugu ni jambo la kushauriana nyumbani. Mchapaji anamngoja mteja.

Safari hii mteja alikuwa Félicité mwenyewe, na hakuleta karatasi.

Mwalimu wake, Bwana Ildephonse, aliifungua kazi hiyo mbele ya darasa na kusoma kwa sauti ya juu: "Kwa mke wangu mpendwa Amandine, na watoto wetu saba." Akataja na majina yao, mmoja baada ya mwingine. Darasa likavunjika mbavu. Mwandishi wa makala haya naye alicheka aliposimuliwa. Félicité hakucheka.

"Nilirudi hapa kusahihisha," anasema. "Nikafuta. Nikaweka mikono juu ya klavye ya kompyuta, nikakosa jina la kuandika."

Mama yake alichukuliwa na mto Mulongwe katika mafuriko ya mwaka 2020, pamoja na nyumba. Kaka yake Jean-Marie alikwenda Afrika Kusini na namba yake haipatikani tena. Mume alimrudisha kwao zamani kwa kuwa hakuzaa. Ni upweke, na yeye anautaja kwa jina lake bila kuuzungusha.

Akaona walau amwombe radhi mwenye majina. Alikuwa Evariste, mwalimu wa sekondari kule Makobola, kusini mwa mji kwenye barabara ya Fizi, ambaye TFC yake ya Kiingereza alimchapia miaka minne nyuma, na ndiyo aliyoandikia yake juu. Alimpigia simu akitegemea kukaripiwa. Alimsimulia kosa lote mpaka mwisho.

"Dada Féli," Evariste akasema, "ile kazi yangu ingali kwako?"

Ilikuwapo. Nyumba ya Evariste ilikuwa imeungua na vitabu vyote ndani, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Amandine na wale saba walikuwa wamevuka ziwa, wako kambini Tanzania. Yeye alibaki na shule yake.

"Unichapie ukurasa moja tu," akasema. "Ule wa majina."

Jumamosi iliyofuata Félicité alipanda pikipiki hadi Makobola, ukurasa ukiwa ndani ya bahasha. Evariste aliusoma akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, kisha akaubandika ukutani karibu na ubao. Alipogeuka alimwuliza mgeni wake kwa Kiingereza kama angependa maji. Mgeni alijibu kwa Kiingereza. Wakazungumza mpaka jua likageuka, na kabla hajaondoka Félicité alitoa daftari.

Hivyo ndivyo zilivyopatikana sahihi saba, Jumamosi saba.

Iliyobaki ni ya mada namba moja. Wanafunzi wote huanza nayo kwa sababu ndiyo nyepesi: Eleza familia yako. Félicité aliiruka kwa Louise, akairuka kwa Evariste, na kila asubuhi anairuka mbele ya kiti. Jumamosi hii hakuna pengine pa kurukia.

"Nilimwambia, Mwalimu, yangu itaisha dakika tano," anasimulia. "Akasema yeye njo ataanza. Atanielezea bale saba, moja moja, na mama yao. Kisha zamu yangu. Nikamuuliza, na nikikosa cha kusema? Akaniambia, 'Saa moja iko refu, Dada Féli. Tutangojea pamoja.'"

Mteja wa kwanza amefika na mafungu ya karatasi kwapani. Félicité anakigeuza kiti na kumkaribisha. Kwenye kompyuta, kabla hajafunga kazi yake, ukurasa wa tabaruku unaonekana una neno moja tu: Kwa.

Mwandishi anamwuliza lini ataumaliza.

"Jumapili," anasema. "Nikitoka Makobola. Si minye njo mteja? Nitajiletea karatasi."